Mkono Chini ya Mbavu

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo neno nililolisema kuliko jingine lolote tangu turudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania, na watu wa hapa Buraza wananijua kwalo. Wenzangu wakiulizwa habari za asubuhi wanajibu nzuri. Mimi najibu nimechoka, na sisemi uongo. Kuna wanawake wanaochoka jioni baada ya kazi. Mimi uchovu naukuta kitandani nikifumbua macho, umelala pembeni yangu kama mume wa pili.

Mume wa kwanza alikuwa Nazario. Alifariki Juni mwaka jana kwa ugonjwa wa ini, wiki tatu tu kitandani. Aliniachia shamba la mteremkoni, mbuzi wawili, mtoto wetu Adriano aliyeko kazini Bujumbura, na watu kumi na wanne ambao kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, wanaingia uwanjani kwangu, wanavua viatu na kuanza kufanya Kichina.

Ngoja nieleze vizuri, maana asiyejua anaweza kudhani natania. Miaka michache baada ya kurudi Burundi, Nazario alipata kazi ya upishi kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara. Kambini kulikuwa na mpima barabara mmoja wa makamo, akiitwa Mzee Shen. Kila asubuhi, kabla ya chai, mzee huyo alisimama nyuma ya makontena akisogeza mikono na miguu polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nazario alikuwa akimenya viazi huku anamtazama. Baada ya mwezi aliacha viazi akaenda kusimama nyuma yake. Mwingine aliyesimama alikuwa dereva wa greda, Mwislamu wa Muyinga aitwaye Radjabu. Miaka mitatu hao wawili walimfuata yule mzee. Barabara ilipokwisha Wachina wakaondoka, Radjabu akarudi kwao Gashoho, huko huko Muyinga, kushona nguo, na Nazario akarudi nyumbani na kitu alichokiita taichi.

Aliniambia kwamba tumboni, vidole vitatu chini ya kitovu, kila mtu ana akiba ya nguvu. Wachina wanaiita chi. Wengi wetu tunaimwaga ovyo, kwa hasira, kwa haraka, kwa kupumua juu juu. Ukilegeza mabega, ukakunja magoti kidogo, ukahamishia uzito wote mguu mmoja kabla ya kuinua wa pili, na pumzi ukaiacha ishuke mpaka kule chini, akiba inajaa tena.

"Kasilda, haya ni mapigano," alisema, "lakini ya ndani. Humpigi mtu."

Nilimjibu kwamba kama anatafuta wa kupigana naye, jembe liko nyuma ya mlango.

Jirani wa kwanza kujiunga alikuwa Martha, ambaye pia alikulia Tanzania na ana presha. Akaja Bonifasi, mzee mwenye mgongo mbovu, hakuwahi kuvuka mpaka. Kiswahili chake alikiokota Bujumbura alipokuwa akibeba saruji, kina Kifaransa ndani: bon yake ni haya, mais yake ni lakini. Wakaongezeka mmoja mmoja. Wachina wana mtindo wa kugawanya manyoya ya farasi. Kwa kuwa hapa hakuna aliyewahi kumshika farasi, Nazario aliuita kuchana ng'ombe. Kuna wa kurudi kinyumenyume ukimfukuza nyani, na huo haukuhitaji maelezo kwa watu wanaolima mahindi. Kisha mikono ya mawingu, laini, huku na huku, mpaka jua linatoka.

Kati ya nyani na mawingu kulikuwa na kile walichokiita kituo. Nazario anasimama. Mkono wa kulia unakuja chini ya mbavu, unabonyeza taratibu, kichwa kinainama, pumzi inashikwa, kisha inaachiwa kwa vipande. Halafu anaendelea. Kituo hakikuwepo mwanzoni. Alikiongeza baadaye, na watu wakaelewa kwamba sasa wameiva, wanapewa yale ya ndani kabisa. Mambo mengine Nazario aliyaeleza mpaka masikio yakauma, lakini kituo alikifanya kimya, na labda kwa sababu hiyo walikipenda kuliko vyote. Bonifasi alisema siri ya Wachina iko pale. Martha alisema akifika pale moyo wake unatulia.

Mimi niliyatazama haya miaka minane nikiwa mlangoni, ndoo mkononi. Sikusimama nao hata siku moja. Ningesimama, nani angeteremka kuchota maji?

Basi alipokufa nilikuwa na hasira, na sioni aibu kuisema. Mtu anajaza akiba ya nguvu kila siku ya Mungu miaka minane, halafu anakufa na miaka hamsini na nane, na mke ambaye akiba yake ilikauka zamani anabaki kulima peke yake. Hiyo chi ilikwenda wapi? Na wale kumi na wanne hawakuacha kuja. Hata wiki ya mazishi ilipokwisha walikuja, wakavua viatu, wakaacha nafasi yake mbele ikiwa wazi, wakaanza.

Kwetu mwaka wa msiba ukielekea kwisha ndugu wanakusanyika kuganduka, yaani kumaliza matanga. Watu wanakunywa, wanashukuru majirani, na alichoacha marehemu kinatajwa mbele ya wote: shamba litalimwa na nani, mbuzi watakaa kwa nani, kazi yake nani ataishika. Kisichotajwa siku hiyo kinahesabiwa kimekwenda naye. Sisi tulipanga Jumamosi ya mwisho ya Juni. Wiki mbili kabla, nilitoka mlangoni nikawasubiri wamalize.

"Siku ya kuganduka nitasema Kichina kimekwisha," niliwaambia. "Maharage mwaka huu yamekubali, na uwanja huu ndio mahali pekee palipo tambarare pa kuyaanika. Tena nataka kuamka siku moja nisikute miguu ya watu mlangoni. Nimechoka."

Martha alishika kichwa. "Mama Adriano, na presha yangu? Daktari mwenyewe amesema imeshuka."

"Imeshuka kwa vidonge, Martha."

"Vidonge nilikuwa navyo hata zamani, na ilikuwa haishuki."

Bonifasi alikuwa anavaa viatu vyake polepole, mguu mmoja, kisha mwingine. "Bon," akasema. "Uwanja ni yako, mama, hakuna mutu anakataa. Mais usisimame mbele ya bantu useme ile kitu ya Nazario ilikuwa bure, na haujauliza. Iko ule mwenzake wa Gashoho. Nenda umuulize. Akisema Nazario alitufundisha bubaya, mi mwenyewe ntakuja kuanika iyo maharage."

"Na akisema alifundisha vizuri?"

"We utatuacha tuendelee."

Nilikubali haraka kuliko walivyotegemea. Ukweli ni kwamba nilitaka kwenda kusikia kuwa ni upuuzi. Kama ni upuuzi, basi hakuna nilichokosa pale mlangoni miaka minane. Lakini kama si upuuzi, yule mwanaume alikuwa na kitu cha kunipa kila asubuhi, na mimi nikampita na ndoo yangu. Hilo sikutaka kabisa liwe kweli.

Kwenda Muyinga siku hizi unasafiri kwanza kutafuta mafuta, barabara inafuata. Nilifika Gitega mjini asubuhi, nikakaa juu ya kimkoba changu mpaka saa sita, ndipo teksi moja ya Probox ikapata petroli. Tukapita Karuzi, nikafika Muyinga jua likianza kulegea, nikachukua pikipiki mpaka Gashoho.

Radjabu nilimkuta sokoni nyuma ya cherehani yake, mwanaume mrefu mwembamba, tepu ya kupimia shingoni. Nilipojitaja alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"We ni bibi ya Nazario! Karibu, karibu sana mama. Pole. Pole kabisa. Mi sikuweza kufika ku maziko, mutu wa gari alitaka..." Hakumaliza. Akaokota kiti, akakipangusa, akanikalisha, kisha akaanza kufunga duka ingawa wateja walikuwa bado.

Nyumbani kwake mkewe Kulthumu alinipokea kwa maji ya kuoga, chai na chapati. Walikuwa watu wema. Lakini niliona jambo: kila nilipotaja ugonjwa wa Nazario, Radjabu alimimina chai kwenye kikombe changu, hata kikiwa kimejaa. Nilimwambia nilichokuja kutafuta. Akasema, "Bon, asubuhi, mama. Asubuhi ntakuonyesha yote," akaenda kuswali.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, walikusanyika watu sita nyuma ya nyumba yake. Nilikaa juu ya kigoda. Radjabu akasimama mbele, akalegeza mabega, akaacha pumzi ishuke. Na mimi nikashtuka, kwa sababu alipoinua mikono ilikuwa mikono ya Nazario. Kiwiko kile kile kimelegea, shingo ile ile imesimama. Wote wawili walikuwa wamemnakili Mzee Shen, kwa hiyo walifanana. Kwa mwaka mzima nilikuwa sijaona mtu akisogea hivyo, maana wale wa Buraza, Mungu anisamehe, wanachana ng'ombe kama watu wanaotafuta kupe.

Akachana ng'ombe. Akamfukuza nyani, kinyumenyume, hatua nne. Kisha akaingia mikono ya mawingu moja kwa moja.

"Umeruka mahali," nilisema.

Alisimama. "Wapi?"

"Baada ya nyani. Kituo."

"Kituo gani, mama?"

Nikainuka kumwonyesha. Sikuwahi kukifanya hata mara moja, lakini nilikuwa nimekiona asubuhi nyingi mno, na mwili ulikuwa umekijua bila kuniuliza. Nikaweka mkono wa kulia chini ya mbavu. Nikabonyeza. Nikainamisha kichwa, nikashika pumzi, nikaiachia kwa vipande.

Nilipoinua macho Radjabu alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Aliwaambia wale sita kwa Kirundi waende nyumbani. Walipoondoka akaniuliza, "Nani alikufundisha ile?"

"Nazario. Wote kule wanafanya."

"Wote?"

"Kumi na wanne. Wanasema ndiyo siri yenyewe."

Alifunika uso kwa viganja. "Yemwe," akasema, yaani jamani. "Mama, ile si taichi. Mzee Shen hakutufundisha ile."

"Ni nini basi?"

"Ile ni ini."

Sikuelewa, au mwili ulielewa kabla yangu, kwa sababu mkono ulikuwa bado chini ya mbavu na nikauondoa kama nimegusa sufuria ya moto.

"Pale ndiyo ilikuwa inamushika," Radjabu akasema. "Ilikuwa Idi, sasa inafika miaka ine. Alikuja kutusalimia. Asubuhi tukafanya pamoja, hapa hapa, nikaona anasimama anakamata mbavu. Nikamuuliza, we, unafanya nini? Akasema, 'Radjabu, hapa panashika. Nikisimama kidogo panaachia.' Siku iyo iyo nikamupeleka kwa dokteri. Wakamupima na ile mashini ya kuangalia ndani. Dokteri akamwambia yote, mama. Hakumuficha kitu."

Karibu miaka mitatu kabla ya kufa. Mimi pale makaburini nilikuwa nimewaeleza watu kwa kirefu, kama ilivyo desturi, jinsi alivyougua: wiki tatu, ghafla, tukamkimbiza hospitali, tukafanya kila kitu. Watu walinipa pole, wakasema angalau hakuteseka.

"Na wewe ukanyamaza," nilimwambia.

"Aliniapisha."

"Ukaapa. Una simu, una mdomo, unajua jina langu, na ukaapa."

"Mama..."

"Ningempeleka Bujumbura! Adriano yuko Bujumbura! Ningemzuia kulima, ningemnunulia dawa, ninge..." Kulthumu alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Mi nilimwambia aseme," Kulthumu alisema kwa sauti ndogo. "Mwambie yote, Radjabu. Na ile ya mwisho. Ni haki yake."

Radjabu aliitazama tepu yake, akaizungusha kidoleni. "Mi pia nilimwambia aseme kwako. Nikamwambia, muke wako si mutoto. Akasema, 'Muke wangu amechoka. Kila siku ananiambia amechoka, na ni kweli, mi naona. Nikimupa na hii, ataiweka wapi?'"

Kuna jogoo alikuwa analia nyuma ya nyumba, analia, anaacha, analia tena. Nilimwomba Kulthumu anipe kazi. Yoyote. Alinielewa, akaniletea ungo wa mchele, nikakaa kuchagua mawe mpaka mchele wote ukawa safi.

Ilipita muda ndipo nikauliza lile swali lililonileta. "Na haya mazoezi yalimsaidia kitu?"

"Ini haiponi na mikono, mama. Alijua ivyo."

"Kwa nini basi aliendelea?"

Radjabu alifikiri sana. Simlaumu, alitaka kunipa jibu la kweli. "Aliniambia mara moja ku simu. Alisema siku nzima anaumwa anajificha. Ku shamba anajificha, ku meza anajificha. Mais ile nusu saa ya asubuhi anaweza kusimama, anakamata mbavu, anaumwa mbele ya bantu, na hakuna mutu anamuuliza kitu. Alisema ile ilikuwa inamupumzisha."

"Na mengine yote? Aliwafundisha sawa?"

"Sawa kabisa. Ile tu ndiyo iliongezeka."

Kurudi nilikaa tena Gitega kusubiri gari, mara hii mpaka saa tisa. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta, watu wakipita na madumu matupu ya petroli, na nikazikumbuka jioni. Nilizikumbuka moja moja, ingawa sikutaka. Nazario anamaliza kula, anasukuma sahani, anasema, "Kasilda." Mimi nishainuka, nakusanya vyombo. "Kasilda, kaa kidogo." Nami nasema, "Nimechoka, Nazario. Kesho." Naye anasema, "Haya, kesho." Zilikuwa nyingi. Sijui katika hizo ni ngapi alitaka kuniambia kuhusu mbuzi na ni ngapi alitaka kuniambia anakufa. Sitajua. Nililia pale stendi bila kuficha, na mama mmoja auzaye ndizi akanipa moja bila kusema neno.

Nilipofika Buraza, Bonifasi na Martha walikuja kuniuliza. Niliwaambia Radjabu anawasalimu na kwamba nimechoka, tutaongea Jumamosi. Waliondoka wakitazamana. Nadhani walishajua kwamba uwanja wameukosa.

Jumamosi ya kuganduka watu wa alfajiri walikuja mapema kuliko kawaida. Ndugu walikuwa wameanza kufika tangu jana, Adriano alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni na viatu vyake vya mjini, mitungi ya pombe ya ndizi imepangwa ukutani. Nje ilikuwa baridi ya Juni ile inayoingia kwenye magoti. Kumi na wanne wote walikuwepo. Walivua viatu. Nilitoka, sikubeba ndoo.

Niliwaambia yote. Sikupamba. Niliwaambia kituo si cha Wachina, na si siri ya kitu chochote. Nazario alikuwa anaumwa ini, pale ndipo palipomshika, naye akasimama mpaka paachie. Nikawaambia kwamba yeye alijua na Radjabu alijua, sisi wengine tulikuwa tunatazama.

Martha alianza kulia. Bonifasi alikaa chini, pale pale kwenye udongo, yule mzee ambaye kukaa na kuinuka kunamchukua dakika nzima.

"Sisi tulimwigiza," Martha alisema. "Mungu wangu. Tulikuwa nyuma yake tunamwigiza."

"Hamkujua."

"Bon," Bonifasi alisema kutoka chini. "Basi funga, mama. Leo useme kama imekwisha. Mi ntakuja kuanika maharage."

Hiyo ndiyo niliyoitaka. Nilikuwa nimeitaka mwaka mzima, na sasa nilipewa mkononi, na haikuwa na ladha yoyote. Nikasema, "Tufanye mara moja kwanza. Bila kituo. Nitawaonyesha Radjabu anavyopita."

Nikaenda kusimama mbele, kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Nilivua kandambili. Udongo ulikuwa baridi, umelowa umande. Nilikunja magoti, nikalegeza mabega, na yakagoma, maana mabega yangu hayajawahi kuambiwa kitu kama hicho, nikayaambia tena. Nilichana ng'ombe vibaya. Hakuna aliyecheka. Nilimfukuza nyani, hatua moja, ya pili, ya tatu, ya nne, nikaingia kwenye mikono ya mawingu bila kusimama, kama nilivyoona Gashoho.

Nyuma yangu miguu haikusogea.

Niligeuka. Wote walikuwa wamesimama pale pale, mkono chini ya mbavu, vichwa vimeinama.

"Nimewaambia hapa hakuna kusimama," nilisema.

"Tunajua, Mama Adriano," Martha alijibu bila kuinua kichwa.

"Basi mnafanya nini?"

"Tunamngoja."

Nilirudi hatua mbili, nikasimama kati yake na Bonifasi, nikaweka mkono. "Mnangoja mpaka lini?" nikauliza.

Bonifasi ndiye aliyejibu. "Mi nilikuwa nahesabu pumzi yake, sababu ya mgongo yangu, ili nijue wakati wa kuinuka. Mwanzo zilikuwa mbili. Kisha ikawa ine. Mwaka wa mwisho zikafika tisa." "Sisi tulifikiri tunapanda darasa."

Mchana ule, mbele ya ndugu, nilisema uwanja utabaki wazi kila alfajiri na kwamba mimi nitakuwemo. Adriano alinitazama kama hanijui. Nilisema pia kwamba Nazario aliugua miaka, si wiki. Lakini hayo yote yalikuwa yameshaamuliwa asubuhi, pale tulipokuwa tumesimama.

"Hesabu," nilimwambia Bonifasi. "Kwa sauti. Zote tisa."

Akahesabu kwa Kirundi, polepole, kama mtu anayepumua kwa shida. Kwenye ya nne nilitaka kuinuka. Kwenye ya sita nilikuwa nalia, Martha akanishika kiwiko na mkono wake mwingine haukutoka mbavuni. Niliishi na yule mwanaume miaka thelathini na moja nikimwambia nimechoka, na mpaka asubuhi ile sikujua kwamba tisa ni nyingi kiasi kile.